Pauni Saba za Ruiru

Mwaura,

Leo ni Ijumaa, saa saba mchana, na mvua imetufungia ndani ya gereji. Nimekaa kwenye ile siti ya nyuma tuliyoing'oa kwenye gari la ajali tukaifanya kochi. Nakuandikia nyuma ya kadi za kazi. Sikuulizi hali. Nitaanza na jambo lenyewe, maana wewe hukuwa na subira na mtu wa kuzungukazunguka: puli ya gari la Kinuthia hukuigusa. Najua sasa. Nina wiki tatu nikijua, na katika hizo wiki tatu nimekuwa mwoga kuliko nilivyowahi kuwa maishani.

Wacha nikueleze kwa mpangilio. Nikianza kulia karatasi hazitatosha.

Tulipofungua hapa Ruiru, nyuma ya ile hardware upande wa Mugutha, tuligawana bila kuandikiana: wewe mkono, mimi hesabu. Mimi niliachia shule Form Two na hakuna mtu aliyenishika mkono kunifundisha injini. Kila namba niliyo nayo kichwani niliitafuta mwenyewe, kwenye vitabu vya magari vilivyotupwa na kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana nilikuwa na kiburi nazo. Wewe ulikuwa ukichukua bisibisi ndefu, unaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, unafumba macho, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesikiliza habari za kifo redioni. Nami nakuchokoza: daktari, mgonjwa anasemaje? Unanijibu bila kufumbua macho: "Anasema huyu wa hesabu anyamaze kwanza."

Halafu zikaja supachaja. Vijana walizitaka, wazee walizitaka, hata yule pasta alikuja kuuliza kwa sauti ya chini. Wewe ndiye uliyewaeleza wateja vizuri kunishinda: "Injini inavuta hewa kwa pua. Sisi tunaipulizia mdomoni." Mimi naongeza kwamba pampu inazungushwa na mkanda, na puli, gurudumu linalovutwa na mkanda huo, ikiwa ndogo pampu inakwenda mbio zaidi, pumzi inakuwa kubwa. Ukizidisha, injini ya kiwandani, ambayo pistoni zake hazikutengenezwa kupuliziwa, inaanza kugonga. Ikigonga vya kutosha pistoni inapasuka. Hiyo tulikubaliana wote wawili.

Tulichobishania ni namba. Jedwali nililolipata kwenye mtandao lilisema pauni sita za presha ya hewa, usipite, kama injini haijafunguliwa. Tulipoweka sita, geji ikasimama pale, injini ikatulia kama haijabeba kitu. Petroli ilitosha, joto lilikuwa sawa, hakuna kugonga hata tukipanda na gari limejaa. Nikasema hizi za kwetu zinaweza saba. Wewe ukasema, "Weka tano." Nikauliza kwa nini. "Sijui. Nasikia vibaya. Weka tano." Nikakuomba namba, ukanipa sikio. Nikakuambia mbele ya mteja kwamba sikio si chombo cha kupimia. Ukacheka, lakini ulitupa kitambaa kwenye ndoo kwa nguvu kidogo. Niliona. Nikajifanya sikuona.

Tukaweka saba. Magari matano, yote saba. Ya Kinuthia, yule wa mayai, ndiyo ya kwanza.

Miezi minne hakuna shida. Kinuthia anakwenda Thika na kurudi kila siku, anatusifu kila mahali. Pasaka ya mwaka jana akamchukua mke wake wakateremka Mombasa. Alipopita Mariakani mke wake akapiga geji picha, Kinuthia akanitumia na maneno matatu: "Gitau, gari limeamka!" Mshale ulikuwa umepita nane, umekaribia nusu. Siku ya kurudi, pale pa kupanda Mazeras, injini ikagonga mara chache kama mtu anayebisha mlango, halafu pistoni ya tatu ikapasuka. Huko huko Kinuthia aliuza supachaja pamoja na puli yake ili apate ya kulipia lori. Gari likarudi hapa limebebwa mgongoni.

Na mimi nikapiga hesabu, Mwaura. Nilipiga upesi sana. Niliacha geji kwa saba. Picha inaonyesha nane na nusu. Pumzi haijiongezi yenyewe. Kwa hivyo kuna mtu aliyeweka puli ndogo, na mtu wa mwisho kulishika gari hilo ni wewe, uliyebadilisha mkanda Jumatano kabla hawajasafiri.

Kulikuwa na watu saba pale uwanjani. Nilikuambia kwa Kikuyu kwamba umeua injini ya mtu ili ujionyeshe. Halafu nikarudia kwa Kiswahili, ili hata dereva wa lori aelewe. Hiyo ya kurudia ndiyo inaniamsha asubuhi.

Ulifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Gitau, mkanda niliugusa. Puli sikuigusa. Pima."

Nipime nini, nikakupigia kelele, na puli yenyewe imebaki Mombasa?

"Pima," ukasema tena. Ukachukua sanduku lako.

Baadaye nilisikia uko Mwihoko, kando ya barabara, unabadilisha oil na breki. Injini hakuna aliyekuletea. Neno lilikuwa limekutangulia, na ni mimi niliyelituma. Mteja akiuliza Mwaura yuko wapi, nilikuwa na jibu fupi, nimelizoea kama bei ya plagi. Tulionana mara moja tu, Thika, kwenye kaunta ya duka la spea, wewe na filta mkononi, mimi na mkanda. Nikasema niaje. Ukasema poa. Mwenye duka akakurudishia chenji, ukatoka. Nilibaki nimeshika ule mkanda hadi akaniuliza kama nanunua au napapasa.

Desemba wakaniambia ni kifua, umelazwa. Nikasema nitakuja Jumapili. Ijumaa ukawa umekwenda.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma, karibu na choo. Unakijua kile kipindi cha kuweka maua kaburini, MC anaita kundi moja moja: wakwe, chama cha kina mama, watu wa kanisa. Akaita, "Wenzake wa gereji." Hakuna aliyejitokeza. Akaita mara ya pili, akatazama karatasi yake kama aliyekosea. Sikutoka pale nyuma, Mwaura. Akasema haya, majirani. Kundi letu likapita hivyo hivyo, bila ua.

Na bado nilikuwa nimekukasirikia. Sitakudanganya kwa sababu umekufa. Nilirudi nyumbani nikisema moyoni, angeomba msamaha tu mambo yangeisha.

Sasa sikia nilivyojua.

Unakumbuka skana yetu, ukiiunganisha kabla injini haijawaka inakuonyesha presha ya hewa ya nje. Kila gari, namba ni moja: themanini na nne. Kitabu kinasema mia moja na moja. Miaka kumi na moja nimeiona hiyo themanini na nne, na nilikuwa na maelezo yangu tayari: sensa za magari ya mitumba zimezeeka. Wewe uliniuliza siku moja, umelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. "Zote, Gitau? Zote zimezeeka kiasi kimoja?" Nikakujibu, kwani si zote zimetoka Japani? Miguu yako ikatikisika kwa kicheko. Nikadhani unacheka na mimi.

Wiki tatu zilizopita mtu mmoja akaniletea gari lililotolewa bandarini siku mbili tu nyuma. Alikuwa na karatasi ya skana aliyofanyiwa Mombasa. Hewa ya nje: mia moja na moja. Nikaunganisha yangu. Themanini na nne. Gari ni lile lile, sensa ni ile ile. Wazo langu la kwanza, unaweza kuamini, ni kwamba sensa imekufa njiani. Nilishika simu niagize nyingine. Nikafungua gari la pili lililokuwa hapa: themanini na nne. La tatu: themanini na nne. Ndipo niliposikia swali lako, kama vile bado uko pale chini. Zote, Gitau?

Nikakaa kwenye tairi.

Sensa hazikuwa zimezeeka. Zilikuwa zinasema kweli na mimi naziita vikongwe. Sisi tuko juu, Mwaura, hewa yetu ni nyepesi. Mombasa iko baharini, hewa ni nzito. Nilijua watu wanaishiwa na pumzi Mlima Kenya. Sikuwahi kufikiria kwamba Ruiru pia ni mlima, kwa sababu nimezaliwa humu na sijawahi kuhema.

Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao wetu wa kazi. Hewa yetu, ile themanini na nne ya skana, ni pauni kumi na mbili nukta mbili. Ongeza saba za geji, unapata kumi na tisa nukta mbili. Gawanya kwa kumi na mbili nukta mbili: pampu ilikuwa inaongeza hewa mara moja nukta tano saba. Pampu haijui pauni. Inajua mara ngapi tu. Itazidisha hewa yoyote itakayoikuta. Iteremshe Mombasa, ikute ile mia moja na moja, yaani pauni kumi na nne nukta saba. Zidisha: ishirini na tatu nukta moja. Toa hewa ya nje. Geji itasoma nane nukta nne.

Nilitafuta picha ya Kinuthia kwenye simu nikaikuza. Mshale uko pale pale. Umepita nane, haujafika nusu.

Puli ilikuwa ile ile niliyoifunga mimi. Jedwali langu liliandikwa na watu wa usawa wa bahari, na mimi nikalisomea Ruiru. Saba yetu hapa ilikuwa kama nne na nusu yao, ndiyo maana injini ilitulia, nami nikaita utulivu huo ujuzi wangu. Kule chini, na lile joto, ilikuwa inakabwa. Nikafanya tena kwa namba yako. Tano ya Ruiru ikiteremka inasoma sita. Sita kamili, ile ya jedwali. Sikio lako lilifika mahali ambapo kalamu yangu haikufika.

Ungedhani hapo nilikimbia kuwaambia watu. Sikukimbia. Magari manne yaliyobaki bado yalikuwa na saba, na yeyote kati ya wenyewe angeweza kuamka siku moja akateremka pwani. Kwa hivyo niliwapigia watatu mmoja mmoja nikasema kuna service ndogo ya bure, nimepata puli bora. Wakaja. Nikatoa saba, nikaweka tano. Wakanishukuru! Mmoja aliniletea ndizi. Nilikula ndizi zile, Mwaura, na jina lako likiwa bado chini.

Wa nne ni Muthoni, mwenye duka la dawa Kiganjo. Alikuwa anasafiri Jumamosi iliyopita, watoto wamefunga shule, anampeleka na mama yake akaone bahari kabla macho hayajaisha. Nikampigia simu, nikamwimbia wimbo wangu wa puli bora. Yeye hupima dawa kwa miligramu, huwezi kumwambia neno likapita tu. Akaniuliza, "Bora kuliko nini? Hii ina ubaya gani?" Nikasema haina. "Kama haina, wacha ikae, niko mbio." Nikasema ni usalama tu. Akasema, "Gitau, si uliniambia la Kinuthia lilikufa kwa sababu yule mwenzako alilichezea? Na langu umelifunga wewe mwenyewe. Naogopa nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Uwongo ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini kichwani nilimwona yule mama mzee kwenye siti ya nyuma na watoto, na Mazeras inapandwa. Nikamwambia: mwenzangu hakulichezea. Namba ni yangu. Nilikosea na nikamsingizia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na yeye anajua?"

Nikamwambia umekufa.

"Haiya," akasema. "Basi nakuja saa tisa. Na usiniambie ni bure, nitalipa. Sitaki zawadi yako." Alisimama hapo mlangoni na mkoba wake muda wote nikifunga puli, hakuketi. Wamekwenda, wamerudi. Alinitumia picha ya geji bila neno lolote. Sita.

Jumatatu nikampigia Kinuthia. Aliniacha nimalize yote, na hesabu zake. Kisha akasema, "Kwa hivyo mwaka mzima nimemtukana mtu bure. Na wewe ukanisikiliza." Injini yake nitaijenga upya mimi mwenyewe, bolti kwa bolti. Hakusema asante wala sikuingoja.

Jumanne nikaenda Mwihoko kwa Nyambura. Mke wako amekonda, lakini nyumba ni ile ile, safi, na wasichana wamerefuka. Alinipa chai kabla sijasema ninachotaka, ikawa ngumu zaidi. Nilipomaliza aliinua kikombe changu ambacho sijagusa, akakirudisha kwenye meza.

Nina neno na wewe hapa, maana hili limenichoma upya. Nilikuwa nimekulaumu kwa kunyamaza. Mbona hukupigana? Mbona hukuja hata siku moja ukanishika shati? Mtu akiondoka kimya anaonekana ana hatia, wewe hukulijua hilo? Nikamuuliza Nyambura. Akaniambia kwamba kila wiki alikuuliza hivyo hivyo, mbona usiende ukamwambie Gitau. Nawe kila wiki ulimjibu, "Gitau atapima tu. Yule hawezi kuacha hesabu haijaisha."

Miezi minane ulinisubiri nimalize hesabu. Mimi nilikuwa nimeshaifunga siku ya kwanza, nikapiga mstari chini.

Nikamwomba msamaha. Hakunipa. Aliniuliza, "Uliyasema wapi yale maneno?" Nikasema gereji. "Mbele ya watu?" Ndiyo. "Wangapi?" Saba. "Basi huko ndiko utakakoyarudisha, na mimi nikiwa nimekaa hapo na watoto. Usije kunong'ona kwangu jikoni."

Ni kesho, saa nne asubuhi. Nimewapata watano kati ya wale saba. Dereva wa lori nilimtafuta siku mbili, nikampata Githurai. Akashangaa, "Baba, mimi hata sikumbuki siku hiyo." Nikamwambia njoo tu, mimi nakumbuka. Kinuthia anakuja. Wale watatu wa service ya bure nimewaambia pia, na yule wa ndizi amekasirika sana. Muthoni amesema atafunga duka. Nimekodi viti ishirini, na kiti cha mbele ni cha Nyambura.

Nitakuambia ninachoogopa. Siogopi kutukanwa. Naogopa kwamba nitasimama pale, nitachukua chaki, na nitaanza: themanini na nne, mia moja na moja. Nazijua vizuri. Nitazieleza hadi watu waanze kutikisa vichwa, kwamba huyu Gitau ni kichwa, ona alivyogundua, nani angejua mambo ya hewa ya Mombasa? Nitakuwa nimejiokoa na hesabu tena, na wewe utabaki mfano ndani ya somo langu. Leo asubuhi nilijaribu kusema maneno peke yangu, hapa, na hivyo ndivyo yalivyotoka. Zilipita dakika kumi kabla sijalitaja jina lako.

Kwa hivyo nakuahidi, na naandika ili nishindwe kuiruka ahadi: ubao nitaugeuzia ukutani. Kitu cha kwanza kitakachotoka mdomoni mwangu ni nilichokufanyia, kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili. Nikishamaliza hilo nitanyamaza, wenye la kusema waseme. Kama kuna atakayetaka hesabu, aniulize Jumatatu.

Mvua imepungua. Nyambura aliniambia wiki ijayo wanapanda maua mengine kaburini, yale ya kwanza yamekauka. Sikumuuliza kama naweza kuja. Nitamuuliza kesho baada ya yote, akikataa nitaelewa.

Pumzika, Mwaura. Ulisubiri vya kutosha.

Ni mimi,
Gitau